Breka ya mota ya boti: tuliongeza namba, shida ikahamia kwenye waya

Jamaa yangu ana boti ya alumini, urefu kama mita tano, injini ya petroli iko nyuma na mbele kafunga mota ya umeme ya trolingi, zile ndogo za kusogeza boti taratibu bila kelele wakati unavua. Mota yenyewe ni ya volti 12, msukumo wa paundi 55, na kwenye kibandiko imeandikwa inaweza kula mpaka ampea 50 ikiwa spidi ya mwisho. Betri ni moja, ya asidi, aina ya dip saiko (ya kutoa umeme kwa muda mrefu), 100Ah, ilikuwa imekaa kule tezi, yaani nyuma, jirani na tangi la petroli, waya unapita chini ya sakafu mpaka omo, yaani mbele. Kwenye waya chanya kulikuwa na breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) ya ampea 50, ile ya plastiki nyeusi yenye kitufe chekundu na kijimkono cha kurudishia. Kwa macho huoni kosa. Mimi mwenyewe nilivyoiona mara ya kwanza nilisema iko sawa tu, na hapo nilikosea.

Shida ilikuwa hivi. Spidi ndogo mota inatembea siku nzima bila neno, ila akipandisha mpaka mwisho, hasa akiwa na upepo wa mbisho, dakika kumi mpaka kumi na tano breka inakata, ukijaribu kurudisha kijimkono hakishiki, unasubiri dakika mbili tatu ndio kinakubali, unaenda dakika tano kinakata tena. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, baada ya miezi michache ikawa kila akitoka. Siku moja ikamkatia huku upepo unamsukuma kwenye miamba na injini kubwa haijawashwa, akaokolewa na kasia. Akarudi na uamuzi kwamba breka ni ndogo, akanunua ya 100 ya muundo ule ule kwa muuzaji yule yule wa mtandaoni.

Na kweli ikaacha kukata, wiki tatu nzima katulia, halafu akaanza kusema mota imekuwa nyonge, kuna harufu ya plastiki humo ndani, na ganda la waya pale karibu na breka limelainika ukilibonyeza na kucha linabaki na alama. Ndio akanipigia, "Kaka njoo uangalie, nadhani mota imekufa."

Mota haikuwa imekufa. Ila kabla ya vipimo niseme jambo ambalo watu wengi wanaliweka kinyume: breka haiko pale kulinda mota, iko pale kulinda waya. Betri ya asidi ya ukubwa ule ina ukinzani wa ndani kama miliohmu tano hivi, sasa chukua volti 12.6 gawanya kwa 0.005 unapata ampea 2,500. Hizo ndizo zinazoweza kupita kwenye waya wako kwa sekunde chache kukitokea shoti karibu na betri, na waya unageuka kuwa heta chini ya sakafu, pembeni ya petroli. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "inakata, weka kubwa", anakuambia uondoe mlinzi kwa sababu anapiga kelele. Inawezekana kweli mlinzi ni mwoga, lakini inabidi kwanza ujue kaona nini.

Tulifunga boti gatini, propela ndani ya maji, spidi ya mwisho. Boti ikiwa imefungwa mota inavuta zaidi kidogo kuliko ikiwa inatembea kwa sababu maji hayapiti vizuri kwenye propela, kwa hiyo ni kipimo kigumu kidogo na ndicho ninachokitaka. Nikamrudishia ile breka yake ya 50 ya zamani ili nione ugonjwa wenyewe, siyo dawa aliyoiwekea. Klampu mita, kile kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje, lazima iwe inayosoma DC, yaani umeme wa betri, na hili nalisema kwa sababu wengi wana zile za umeme wa nyumbani tu, wanaibana kwenye waya wa betri inasoma sifuri wanadhani mota haivuti kitu.

Ikasoma ampea 44. Hapo pekee tayari kuna swali, mota ya hadi 50, breka ya 50, inavuta 44, na bado inakata? Nikahamia kwenye volti, na hapa ndio penye siri zote za kazi hii. Usipime volti ya betri ukaridhika, pima kila kipande cha njia mota ikiwa inafanya kazi, yaani sindano moja upande huu wa breka na nyingine upande ule, unaona breka peke yake inakula ngapi. Betri kwenye vichwa vyake 12.2. Kwenye mota 10.25. Karibu volti mbili zimepotelea njiani! Breka peke yake 0.38, plagi ya mbele 0.12, na zilizobaki, kama 1.45, zote zimeliwa na waya.

Sasa zidisha. Breka: 0.38 mara 44 ni karibu wati 17 za joto, ndani ya kiboksi cha plastiki kinachokaa kwenye kiganja. Shika balbu ya zamani ya wati 15 iliyowaka nusu saa ndio utaelewa. Na breka za aina hii zinafanya kazi kwa joto, ndani kuna kibati cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, kikipata moto kinapinda kwa sababu metali moja inatanuka kuliko nyingine, kikipinda vya kutosha kinafyatua kontakti, vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme. Kibati hakijui joto limetoka wapi. Kama kontakti zake zenyewe ni mbovu na zinatoa wati 17, kibati kinahisi hilo joto na kudhani ampea zimezidi. Ongeza kwamba alikuwa kaifunga ndani ya kisanduku kimefunikwa juani, na breka za joto kwa kawaida zinapimwa kiwandani kwenye nyuzi 25, ukiiweka kwenye nyuzi 50 ile 50 yako imekuwa arobaini na kitu. Ndio maana spidi ndogo haikati, ndio maana haishiki mpaka ipoe, na ndio maana ilikuwa inazidi kuwa mbaya kila mwezi: joto linalegeza springi na kuleta kutu kwenye kontakti, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka, na kila ikikata na mzigo inapiga cheche inayochoma kontakti zaidi. Breka ilikuwa inajikata yenyewe.

Nilipima joto la nati zake kwa kile kipimo cha miale baada ya dakika kumi, nyuzi 91. Dakika ya kumi na mbili ikakata.

Ya 100 nayo tukaipima, ikala 0.21. Afadhali, lakini bado ni wati 9 na zaidi, na mpya kabisa.

Nikaifungua ile ya 50, maana ilikuwa inaenda kutupwa. Kontakti mbili ndogo nyeusi, moja ina shimo kabisa, kibati kimefungwa kwa ribiti inayocheza ukiigusa na bisibisi. Halafu nje kulikuwa na kosa la jamaa mwenyewe, alikuwa kaweka washa (kile kipete cha kukaa chini ya nati) ya chuma cha pua CHINI ya lagi, kile kichwa cha shaba cha mwisho wa waya, katikati ya lagi na sahani ya shaba ya breka. Umeme unatakiwa upite uso kwa uso kutoka lagi kwenda kwenye sahani, bolti na nati kazi yake ni kubana tu, na chuma cha pua kinapitisha umeme vibaya sana ukilinganisha na shaba. Washa inakaa juu ya lagi, chini ya nati. Nimekutana na hili mara nyingi mpaka siku hizi ni kitu cha kwanza kuangalia.

Waya nao. Ganda limeandikwa 8 geji, ambayo ni kama mili 8.4 mraba, nikakwangua nyuzi zake na kisu, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Waya wa hivyo unapitisha kama theluthi mbili tu ya shaba halisi ya unene huo huo, na kwa safari ya mita tano kwenda na tano kurudi ndio hiyo volti 1.45 imepotea. Hapo ndio utaona hatari ya ile breka ya 100. Joto kwenye waya linapanda kwa mraba wa ampea, yaani ampea zikiwa mara mbili joto ni mara nne. Propela ikinasa magugu au mshipi mota inaweza kuvuta 80, 90, na breka ya 100 inaangalia tu kwa sababu kwake hiyo ni hali ya kawaida, huku waya unapikika. Ganda kulainika tayari kulikuwa ni taarifa.

Basi tukakaa chini tuchague breka ya kueleweka, na kila mtu pale gatini alikuwa na wazo.

Wa kwanza akasema chukua breka ya nyumbani, ya 63, zipo kila mahali na ni imara. Hapa wengi wanajibu "hapana, ni ya AC" na kuishia hapo, lakini mimi naona jibu linahitaji maelezo. Umeme wa AC, yaani wa nyumbani, wa hezi 50 unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ikitokea kontakti zinapoachana inapata nafasi ya kufa yenyewe. DC haina hiyo sifuri, cheche ikishika inaendelea kuwaka mpaka umbali au kitu kingine kiizime. Sasa kwa volti 12 ukweli ni kwamba cheche inapata shida kujishikilia, na baadhi ya breka hizo kwenye karatasi ya kiwanda zimeandikwa kabisa zinakubali DC kiasi fulani kwa kila poli, yaani kila njia ya umeme ndani ya breka. Kwa hiyo siyo kwamba boti italipuka siku hiyo hiyo. Lakini boti yenye mota ya volti 36 ni habari nyingine, betri tatu zikijaa unacheza na volti karibu 38 na zaidi, na litiamu za 36 zikiwa zinachajiwa zinaenda mpaka 43 na pointi. Halafu breka ya nyumbani imetengenezwa ikae ukutani ndani ya boksi kavu, haijatengenezewa mtikisiko wala unyevu, na wala haina ahadi yoyote kuhusu mvuke wa petroli. Na zile za DC za sola? Zinaweza, ila nyingi zina upande, chanya iingie hapa itokee pale, ukigeuza cheche inasukumwa kusikotakiwa na breka inaweza kuungua badala ya kukata. Soma alama kabla hujafunga.

Wa pili akaleta kibreka kidogo cha magari kinachojirudisha chenyewe. Hiki nilikikataa bila mjadala mrefu. Fikiria umenasa magugu, mota imekata, unainama unatoa magugu kwenye propela na mkono wako, breka imepoa ikajirudisha. Na hata bila mkono, kukiwa na shoti inakata inarudi inakata inarudi mpaka kitu kimoja kiungue. Kwa kazi hii breka iwe ya kurudisha kwa mkono, iwe na kitufe cha kuizima makusudi ili iwe swichi pia, na ikishaamua kukata isikubali kushikiliwa na kidole, yaani hata ukikandamiza kijimkono kontakti ndani zimeachana tu.

Fyuzi je? Fyuzi ni nzuri kuliko watu wanavyoidhania, haina kontakti za kuchoka na inakata ampea nyingi sana kwa usalama, zile ndogo za kukaa juu ya kichwa cha betri zinakata mpaka 10,000 kwenye volti 14. Kama betri yako ni litiamu ukinzani wake wa ndani ni mdogo kuliko wa asidi na shoti yake ni kali kuliko breka nyingi zinavyoweza kukata, hapo mimi ningeweka fyuzi ya daraja la T, ambayo inakata mpaka 20,000, kisha breka ifuate, wala nisingetegemea bodi ya ndani inayoilinda betri peke yake. Lakini kwa betri ya asidi na mota inayonasa magugu kila wiki, mtu anataka kitu anachoweza kukirudisha akiwa katikati ya maji bila kutafuta spana gizani.

Kuna pia zile breka za sumaku na mafuta, ambazo ndani zina koili na kijipistoni kwenye mafuta mazito, hizi haziyumbishwi na jua, ampea 60 ni 60 iwe baridi au joto. Ningekuwa na paneli na nafasi ningechukua hiyo. Jamaa hana paneli, ana kisanduku cha betri, na za aina hiyo nyingi zinataka kufungwa kwenye paneli, kwa hiyo tukabaki kwenye ya joto ya kufunga juu ya ubao, ila ya kiwanda kinachojulikana kwa vifaa vya boti.

Sasa utaitambuaje? Sura haitakusaidia, maana sura imeigwa vizuri sana. Mimi naangalia karatasi. Breka ya kweli ina namba ya bidhaa, na ukiitafuta hiyo namba unapata karatasi ya kiwanda yenye mchoro unaoonyesha kwa ampea ngapi inakata baada ya sekunde ngapi, inapungua kiasi gani kwenye joto, na inaweza kukata shoti ya ampea ngapi kwa volti ngapi. Hiyo ya mwisho ndiyo wauzaji wa bei chee hawaandiki kabisa. Kwa betri yetu ya shoti 2,500 nilitaka breka iliyoandikwa 3,000 kwa volti za chini, iliyoandikwa 1,000 isingefaa. Angalia pia volti ya juu, kuna nyingi nzuri tu ambazo mwisho wake ni 42, kwa mota ya 12 au 24 hakuna neno, kwa ya 36 mimi ningetafuta 48. Halafu alama ya kuzuia mwako, SAE J1171 au ISO 8846, maana yake kifaa kimejaribiwa kwamba cheche yake ya ndani haiwashi mvuke wa nje. Kama breka inakaa chumba kimoja na petroli hii alama siyo pambo.

Na dalili moja ya kuchekesha: ukikuta tangazo moja linauza breka ya 30, 50, 100, 200 na 300, zote boksi lile lile, bolti zile zile nyembamba, bei ile ile, jiulize ampea 300 zinapitaje kwenye bolti iliyotosha kwa 30. Kilichobadilika hapo ni kibandiko.

Namba tukachagua 60. Mota inakula mpaka 50, na watengenezaji wa mota za kundi hili, 12V za paundi 50 na 55, wanaelekeza breka ya 60, na waya wa 6 geji kwa safari fupi, ambao ni kama mili 13.3 mraba, au mnene zaidi safari ikiwa ndefu. 50 ingekuwa imebana, breka ya joto ukiitembeza kwenye kikomo chake juani lazima ikusumbue hata kama ni nzima. 80 au 100 ni kupita kiasi. Na kwa faida ya mwenye mota kubwa, usidhani paundi zikipanda ampea zinapanda hivyo hivyo: ya paundi 80 inatumia volti 24 na inakula kama 56, kwa hiyo breka bado ni 60 ile ile, kinachobadilika ni volti inayotakiwa kuandikwa juu yake.

Kwenye waya ndio tulibishana zaidi. Nilipiga hesabu ya shaba halisi kwa umbali ule ule wa mita tano, kumi kwenda na kurudi. Mili 16 inapoteza kama volti 0.52 kwenye ampea 48, zaidi ya asilimia nne. Mili 25 inashuka mpaka 0.33, chini ya asilimia tatu, ndiyo niliyoitaka, lakini ni nene, ngumu kupitisha chini ya sakafu, na lagi zake hazikai vizuri kwenye bolti za breka hii. Tumeshazunguka nusu saa kwenye hilo ndio jamaa mwenyewe akauliza, "Kwani lazima betri ikae nyuma?" Jamani. Nilikuwa nimejifungia kwenye unene wa waya mpaka nikasahau urefu. Betri tukaihamishia katikati chini ya benchi, waya ukawa mita tatu, na kwa mita tatu mili 16 inapoteza 0.31 tu. Boti nayo ikakaa vizuri zaidi majini kwa sababu tezi ilikuwa imeelemewa na injini na tangi, na la muhimu kuliko yote betri na breka zikatoka kwenye chumba cha petroli. Ile alama ya kuzuia mwako bado tuliitaka, siyo kwa kuwa ni lazima tena pale, ila boti ni ndogo na mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini.

Waya ukawa wa shaba uliopakwa bati, wa boti, lagi zimekrimpiwa kwa mashine ya mkono ya meno sita, siyo kugongwa na nyundo, juu yake mpira wa kusinyaa wenye gundi. Breka tukaifunga kwenye ubao sentimita 15 kutoka kichwa chanya. ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, wanataka kinga iwe ndani ya inchi 7 kutoka betri ukipima kwa kufuata waya, karibu sentimita 18, na wanaruhusu mpaka inchi 72 kama waya uko ndani ya ganda au bomba la ziada la kuulinda na umeungwa moja kwa moja kwenye betri. Sababu ni rahisi, kipande cha waya kilicho kabla ya breka hakilindwi na mtu. Nati tukakaza kwa kipimo cha kiwandani, usikaze kwa hasira, plastiki ikipasuka bolti inazunguka na lagi inalegea. Washa juu ya lagi. Plagi ya mbele ilikuwa nzuri, ya ampea 50, pini zake tu zilikuwa na kutu ya kijani, nikazisafisha.

Kipimo cha mwisho, boti gatini kama mwanzo, spidi ya mwisho nusu saa nzima. Ampea 48. Breka inakula volti 0.06, kama wati 3. Nati zake nyuzi 47, na ndani ya kisanduku kulikuwa na 34. Kwenye mota volti 11.65. Ukizidisha, mota ilikuwa inapata wati 451, sasa inapata karibu 560, kamba ya gatini ilikaza mpaka jamaa akaenda kuangalia fundo. Ndiyo mota aliyosema imekufa hiyo.

Wiki moja baadaye akapiga simu analalamika betri inaisha haraka kuliko zamani. Ndiyo, lazima, zamani ile breka na waya vilikuwa vinambana bila yeye kujua. Nikamwambia spidi anayoiita ya nane sasa aitumie ya saba, atatembea vile vile.

Halafu mwezi wa pili tangu tumalize kazi ndio ujumbe ukaja: "Kaka, breka imekata tena." Nakiri moyo ulishtuka kidogo. Nikamuuliza ilikata ukiwa spidi ya ngapi, akasema ya kati, na mota ilikuwa inaguna kabla. Spidi ya kati na inaguna, hapo nikapumua, nikamwambia usiirudishe, chomoa plagi kwanza kisha toa propela uangalie nyuma yake. Baada ya dakika ishirini akatuma picha, mshipi umejizungusha kwenye shafti umeyeyuka umekuwa kama pete ya plastiki. Nikamwambia akwangue wote, asiache hata uzi, maana mshipi ukiingia kwenye sili unaikata na maji yanaingia ndani ya mota, na aangalie kama kuna mafuta au unyevu pale mdomoni. Palikuwa pakavu. Akarudisha propela, akabonyeza kijimkono, akaniambia kimeshika mara ya kwanza.